KISANDUKU KITUPU: Kwa nini mipango mizuri hukwama mlangoni mwa hospitali

SEHEMU YA 1: Usiku niliochora mstari mzuri

Wiki iliyopita niliahidi historia ya ile karatasi anayoandika nesi pembeni ya kitanda chako ukiwa leba. Wengi mmeniuliza inboksi: "Nesi, mnaandikaga nini pale?" Leo najibu, ila naanza na jambo ambalo sijivunii. Chukua chai, ni ndefu.

Nilikuwa na miaka miwili tu tangu nimalize stashahada. Zamu ya usiku, tuko wauguzi wawili na daktari mmoja wa zamu anayehudumia wodi zote. Saa 2 usiku alikuja binti mmoja, mimba ya kwanza, njia imefunguka sentimita 4. Saa 6 nikampima, 5. Nikaandika. Baada ya hapo wawili wakaanza kusukuma kwa pamoja, na mmoja akatoka damu nyingi. Jamani, usiku ule sikukaa. Nilipomrudia yule binti ilikuwa saa 10 alfajiri, na mapigo ya moyo ya mtoto yalikuwa yameshuka.

Daktari aliitwa, mtoto akatoka amechoka, halii. Tulimsaidia kupumua kwa ambu, dakika zile niliziona kama mwaka. Mwishowe akalia. Akaishi, namshukuru Mungu.

Sasa sikilizeni. Saa 12 asubuhi, kabla ya kukabidhi zamu, mwenzangu aliniambia, "Malizia patografu, kesho kuna ukaguzi." Nikakaa, nikachora. Vile visanduku vya saa 7, saa 8, saa 9 ambavyo sikupima kitu, nikavijaza. Mstari ulipanda vizuri kama wa kwenye kitabu. Mkaguzi alipokuja, karatasi ile ilipata alama zote.

Karatasi ilikuwa nzuri na usiku ulikuwa mbaya. Kwa muda mrefu niliamini kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilikosea, ndiyo, sitafuti kujitetea. Lakini nilipoanza kusoma historia nikagundua kitu kikubwa kuliko mimi: kwa zaidi ya miaka 150 watu wenye akili wameleta hospitalini mipango mizuri ya kuokoa akina mama, na mara nyingi mpango unaingia kama karatasi huku wodi ikibaki ileile. Twende taratibu.

SEHEMU YA 2: Vienna, akina mama walijua kwanza

Mwaka 1846, hospitali kuu ya Vienna, Austria, ilikuwa na kliniki mbili za kujifungulia. Kliniki ya Kwanza walifundishiwa wanafunzi wa udaktari. Kliniki ya Pili walifundishiwa wakunga. Mama hakuchagua, alipelekwa kutokana na siku aliyofika.

Mwaka ule, Kliniki ya Kwanza walijifungua akina mama 4,010 na wakafa 459. Ya Pili walijifungua 3,754 na wakafa 105. Yaani jengo lilelile, mji uleule, lakini kwa madaktari wanafunzi vifo vilizidi asilimia 11, na kwa wakunga havikufika asilimia 3. Ilikuwa homa ya uzazi.

Na akina mama walijua! Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe Kliniki ya Kwanza. Wengine waliona heri kujifungulia njiani. Wakubwa wa hospitali walikuwa na maelezo yao: hewa mbaya, msongamano, woga wa wanawake. Mama mwenzangu, umewahi kusema "hapa kuna kitu hakiko sawa" ukaambiwa una woga tu? Basi ujue huo wimbo ni wa siku nyingi.

Daktari kijana kutoka Hungary, Ignaz Semmelweis, alikosa usingizi kwa jambo hili. Machi 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alikufa baada ya kukatwa na kisu wakati wa kupasua maiti, na ugonjwa uliomuua ulifanana na ule wa akina mama. Semmelweis akaunganisha: madaktari na wanafunzi walitoka chumba cha maiti moja kwa moja kwenda kumpima mama kwa mikono ileile. Wakunga hawakupasua maiti. Mei 1847 akaweka beseni la maji ya klorini mlangoni na kuamuru kila mtu anawe. Mwaka 1848 vifo Kliniki ya Kwanza vilikuwa 45 kwa wanawake 3,556. Asilimia 1 na kidogo, sawa na kwa wakunga.

Ungetegemea Ulaya nzima inawe kesho yake. Wapi! Mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa. Kitabu chake hakikutoka mpaka 1861. Mwaka 1865 alifia kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, ana miaka 47.

Kwa nini walimkataa? Watu hupenda kusema "madaktari walikuwa na kiburi". Kiburi kilikuwepo, lakini haikuwa hicho tu. Kwanza, vijidudu vilikuwa havijaeleweka, hivyo hakuweza kueleza vizuri kwa nini klorini inasaidia. Pili, alichelewa kuandika. Tatu, ukikubali anachosema, unakubali pia kwamba mikono yako mwenyewe imeua wanawake uliojitahidi kuwasaidia. Nani anakubali hilo kirahisi? Nne, mwenyewe alianza kuwaandikia wenzake barua za matusi akiwaita wauaji. Ukimwita mtu muuaji hadharani, hatanawa, atajitetea.

Shika hilo la tatu. Litarudi.

SEHEMU YA 3: Ndege iliyokuwa ngumu kuliko rubani

Sasa tutoke hospitali kidogo, tutarudi.

Tarehe 30 Oktoba 1935, Dayton, Ohio, Marekani, kampuni ya Boeing ilileta ndege mpya mbele ya jeshi. Injini nne, kubwa, ya kisasa. Ilipaa, ikainuka kwa kasi, ikaanguka na kuwaka moto. Rubani mkuu, Meja Ployer Hill, alikufa, na rubani wa majaribio wa Boeing, Leslie Tower, akafa baadaye kwa majeraha. Ndege haikuwa na ubovu. Walisahau kufungua kifungio kinachoshikilia usukani wa mkia ndege ikiwa imeegeshwa.

Fikiria jinsi sisi tungefanya. Tungeandika barua: rubani mzembe, marubani wote warudi mafunzo. Lakini hao waliokuwa wakiirusha walikuwa mabingwa. Wenzao wakafikiri tofauti: hii ndege ina mambo mengi kuliko kichwa cha mtu mmoja kinavyoweza kukumbuka kila siku. Wakatengeneza orodha fupi ya kukagua kabla ya kuruka, kabla ya kutua, baada ya kutua. Ndege ileile ikaja kuwa B-17, ikaundwa kwa maelfu.

Miaka ya 1940, wahandisi wa maabara za simu za Bell, Marekani, wakaanza kutumia jina ambalo kwa Kiswahili tunaweza kusema *uhandisi wa mifumo*. Jina linatisha, jambo lenyewe unalijua. Chukua chanjo ya mtoto wako. Chanjo iwe bora kabisa, lakini friji ikizima, imeharibika. Friji ikiwa nzima, nesi hayupo, hakuna chanjo. Nesi yupo, siku ya kliniki imebadilishwa na wewe hukuambiwa, mtoto hajachanjwa. Kila kipande peke yake ni kizima, na mtoto bado hajapata kinga. Mhandisi wa mifumo haulizi kipande kimoja kina ubora gani. Anauliza vipande vinashikanaje, na kiungo kipi kitaachia kwanza.

Kwenye simu, ndege na safari za mwezini, fikra hiyo ilikubalika. Hospitali ikawa ngumu. Mwaka 2005 taasisi za kitaifa za Marekani, ya uhandisi na ya tiba, zilitoa ripoti ya pamoja zikieleza kwamba zana ambazo viwanda vingine vimezitumia miaka mingi, huduma za afya zilikuwa zimezigusa kidogo sana. Hiyo ni Marekani, wenye kila kitu. Kwa hiyo tusidhani ni tatizo la umaskini wetu tu.

SEHEMU YA 4: Ile karatasi ilizaliwa Afrika

Haya, turudi leba. Hapa ndipo moyo wangu ulipo.

Mwaka 1954 daktari Mmarekani, Emanuel Friedman, alichora kwa mara ya kwanza jinsi njia ya uzazi inavyofunguka saa kwa saa. Ilikuwa kazi ya utafiti. Ila aliyeigeuza kuwa chombo cha mkunga alikuwa huku kwetu Afrika: Hugh Philpott, mji ambao leo ni Harare, Zimbabwe, enzi zile ukiitwa Salisbury, Rhodesia. Pamoja na mwenzake Castle, alichapisha kazi yake mwaka 1972.

Shida yao ilikuwa hivi. Kulikuwa na vituo vidogo vyenye wakunga bila daktari, na hospitali kubwa yenye chumba cha upasuaji. Mkunga atajuaje kwamba huyu mama asisubiri tena, apelekwe? Akimpeleka mapema mno, hospitali itajaa. Akichelewa, mama anapasuka kizazi au mtoto anakufa.

Wakachora mistari miwili. Wa kwanza wa tahadhari: njia ikifunguka polepole chini ya sentimita 1 kwa saa, mstari wa mama utauvuka. Ukivuka tu, mama apelekwe hospitali. Wa pili wa kuchukua hatua, saa 4 kulia kwake. Ukifika huo, daktari aamue.

Soma tena: *saa 4*. Mwanafunzi wa uuguzi anakariri tu "saa nne, saa nne" kama nilivyokariri mimi. Lakini zile saa zilikuwa na maana. Ndani yake kulikuwa na gari, barabara, na hospitali inayompokea mama mapema ili atakapofika mstari wa pili awe tayari mikononi mwa watu wenye uwezo. Ile karatasi haikuwa karatasi. Ilikuwa kituo, mkunga, gari, njia na chumba cha upasuaji, vyote vimefungwa pamoja kwa mistari miwili.

Februari 1987 dunia ilikutana Nairobi kuzungumzia vifo vya akina mama, na hapo ndipo ulipoanza ule mpango wa Uzazi Salama. Shirika la Afya Duniani, WHO, likaichukua patografu, likaijaribu kwenye hospitali 8 za Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484. Matokeo yalitoka 1994: uchungu uliopitiliza ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu walishuka kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Upasuaji wa dharura nao ukapungua.

Basi ikasambazwa kila mahali. Ikachapishwa kwa mamilioni. Ikafika mpaka kwenye vituo ambavyo havina gari, havina mtu wa pili usiku, na saa ya ukutani imesimama tangu mwaka juzi.

Karatasi ilisafiri. Gari halikusafiri nayo. Unaona sasa?

SEHEMU YA 5: Ifakara walifaulu, Ontario wakajiuliza

Hii sehemu inanipa fahari na uchungu kwa pamoja.

Mwaka 2008 WHO ilizindua orodha ya usalama kwenye upasuaji, ile fikra ya marubani ikaingia chumba cha upasuaji. Kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, kabla mgonjwa hajatolewa, timu inasimama na kuulizana kwa sauti: ni mgonjwa yule? Upasuaji ni upi? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa? Vitambaa vimehesabiwa? Na kila mtu anajitambulisha kwa jina na kazi yake. Mama unayekwenda kupasuliwa ili mtoto atoke, hii inakuhusu moja kwa moja.

Ilijaribiwa kwenye miji 8: Toronto, London, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila na, shikeni viti, Ifakara. Ndiyo, Ifakara yetu ya Morogoro. Matokeo ya Januari 2009: vifo kwenye hospitali hizo kwa ujumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kisha jimbo la Ontario, Canada, likaamua hospitali zake zote zitumie orodha hiyo na kutoa taarifa hadharani. Hospitali zikaripoti kwamba zinaitumia karibu kila mara. Mwaka 2014 watafiti wakaangalia hospitali 101, miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada. Vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo kiasi kwamba inaweza kuwa bahati tu. Wapo waliosema miezi mitatu ni michache mno kupima jambo kama hili, na wana hoja. Lakini swali lilibaki mezani: mtu anaposema "tumeitumia", amefanya nini hasa?

Mimi jibu moja ninalo, maana niliwahi kuchora mstari alfajiri.

Ukiweka tiki wakati daktari ameshaanza kukata, tiki imewekwa. Ukisoma orodha huku hakuna anayesikiliza, imesomwa. Ile kuambiana majina si adabu tu. Ni ili nesi mdogo aliyeona kitu aweze kusema "daktari, subiri" bila kutetemeka. Kama akisema atafokewa, orodha haina kazi hata ikiwa na tiki ishirini.

India nako. Jimbo la Uttar Pradesh, vituo 120 vya kujifungulia, mama na watoto wao zaidi ya 157,000, utafiti uliochapishwa 2017. Nusu ya vituo vilipewa orodha ya uzazi salama yenye vipengele 28 pamoja na walimu wa kuwatembelea wauguzi kazini. Miezi miwili baada ya kuanza, huduma muhimu zilifanyika asilimia 73 kwenye vituo vile, na 42 kwenye vile visivyopewa. Walimu walipoacha kuja, ikashuka: mwezi wa 12 ilikuwa 62 kwa 44. Vifo? Havikutofautiana.

Nilipoisoma mara ya kwanza nililia, si utani. Maana wauguzi wale walijitahidi kweli. Lakini kunawa mikono na kupima presha ni mwanzo tu. Ukishaiona presha imepanda, unahitaji dawa iliyopo stoo, ujuzi wa kuitoa, na mahali pa kumpeleka mama. Ukirekebisha kiungo kimoja, mnyororo unakatikia kingine.

SEHEMU YA 6: Kwa hiyo mipango inakwama wapi?

Nimefupisha mambo manne, kwa miaka yangu ya kazi na hiyo historia hapo juu.

*Moja: unaletwa kama amri, si kama msaada.* Karatasi mpya inakuja juu ya karatasi ya zamani, hakuna inayoondolewa. Nesi mmoja, rejista lukuki. Anayeandika sana anamwona mgonjwa kidogo.

*Mbili: unapimwa kwa karatasi.* Mkaguzi anataka visanduku vijae, basi vitajaa. Mgonjwa anaweza kuwa hajaguswa.

*Tatu: ukweli unaadhibiwa.* Hapa ndipo Semmelweis anarudi. Kama kisanduku kitupu kitaitwa uzembe, nani atakiacha kitupu? Ndivyo tunavyojifunza kuficha, na kinachofichwa hakitibiki.

*Nne: unadhani hospitali zote ni moja.* Hata ile sentimita 1 kwa saa, baadaye utafiti uliofanyika Nigeria na Uganda ulionyesha wanawake wengi hufunguka polepole zaidi na bado wanajifungua salama. WHO ikasikiliza. Desemba 2020 ilitoa mwongozo mpya wa kufuatilia uchungu: kuhesabu kunaanzia sentimita 5, mstari ule mmoja kwa wote umeondolewa, na kuna nafasi ya kuandika kama mama ana mtu wa kumsindikiza, kama anakunywa, kama amelala chali au la. Yaani mama mwenyewe ameingia kwenye karatasi. Imechukua karibu miaka 50.

Msikate tamaa lakini. Yapo yaliyofaulu. Hospitali ya akina mama ya Castle Street, Colombo, Sri Lanka, kuanzia mwaka 2000 ilichukua mtindo wa viwanda vya Japani unaoitwa S tano: ondoa kisichohitajika, panga kilichobaki, safisha, weka utaratibu mmoja, dumisha. Mwaka 2007 mtindo huo ukaletwa Tanzania kwa msaada wa Wajapani, Hospitali ya Rufaa Mbeya ikiwa ya mwanzo, kisha wizara ikausambaza. Wauguzi wenzangu wanaosoma hapa wanacheka, maana wapo walioishia kubandika vibandiko siku mgeni anakuja. Kweli. Lakini pale ulipokaa vizuri, faida unaiona kwa macho. Mama anatoka damu, dawa iko kwenye trei ileile, rafu ileile, hata gizani mkono unaifikia. Tofauti na mpango mwingine, huu ulianza na kabati la nesi mwenyewe. Ulimpunguzia kazi kabla ya kumwongezea.

SEHEMU YA 7: Kisanduku kitupu

Nimalizie nilipoanzia.

Nilihama kituo. Huko nilimkuta sista mmoja mtu mzima, mkuu wa leba. Kila asubuhi alichukua patografu moja ya usiku, akafunika majina, akaisoma mbele yetu. Siku ya kwanza nilitetemeka. Alifika kwenye visanduku vitupu vya saa 8 na saa 9. Nikasubiri kelele. Akauliza tu: "Hapa tulikosa nini?"

Kimya. Halafu mmoja akasema, "Sista, tulikuwa wawili, na watatu walikuwa wanasukuma." Akaandika kwenye daftari. Kesho yake hivyohivyo. Baada ya wiki kadhaa daftari lilisema wazi: visanduku vingi vilikuwa vitupu kati ya saa 7 na saa 11 alfajiri. Si nesi fulani mvivu. Ni saa zilezile, kwa kila zamu. Akaenda na daftari lake kwa wakubwa, akapewa muuguzi wa tatu kutoka wodi nyingine kwa saa hizo tu. Kifaa cha kusikiliza moyo wa mtoto kilichofungiwa kabatini kikafungwa kamba pale pale leba. Saa ya ukutani ikawekwa betri. Betri!

Hakuna aliyetuita wahandisi. Lakini ndiyo kazi yenyewe: kutafuta kiungo kinachoachia, kwa ukweli, bila kumwinda mtu. Na yote yaliwezekana kwa sababu kuna mtu aliruhusiwa kuacha kisanduku kitupu.

Nikamfikiria yule binti wangu. Visanduku vyake vitatu ningeviacha vitupu, huenda mtu angeuliza. Nilivijaza, na hakuna aliyeuliza. Usiku wa kesho yake leba ikabaki na watu wawili vilevile.

Sasa wewe mama, na wewe baba kijacho, nyie ni sehemu ya huu mfumo. Kumbuka Vienna, akina mama walijua kwanza. Kwa hiyo:

– Ukiwa leba, uliza kwa upole: "Nesi, mapigo ya mtoto wangu ni ngapi sasa?" Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika, na uchungu ukikolea yanatakiwa kusikilizwa kila nusu saa. Ukiuliza, unanikumbusha. Hunitukani.

– Kama kituo kinaruhusu msindikizaji, nenda naye. Wakati mimi nimeshikwa na mama mwingine, yeye ndiye macho yangu.

– Kabla ya mwezi wa tisa, jueni gari litatoka wapi usiku, nani ana namba ya dereva, na hospitali ya rufaa ni ipi. Zile saa 4 za Philpott, nyingine zinaanzia nyumbani kwako.

– Ukiona kitu si sawa, sema. Ukinyamazishwa, sema tena, kwa mtu mwingine. Na ukihudumiwa vizuri, sema pia. Wauguzi tunaishi kwa maneno hayo.

Na nyie wakubwa wa hospitali mnaopita hapa kimyakimya (najua mpo), mkileta fomu mpya kesho, naomba kitu kimoja tu. Nesi akiwaonyesha kisanduku kitupu, msimuulize "kwa nini hukujaza". Muulizeni alikosa nini.

Yule mtoto wa usiku ule sasa anasoma. Mama yake aliwahi kunisalimia sokoni, akaniita "dada nesi", akanishukuru. Nilishindwa kumjibu. Labda hii ndiyo jibu langu.

Sehemu ijayo tutaongelea historia ya chanjo ya pepopunda kwa wajawazito. Kwa leo niambieni kwenye maoni: ulipokuwa leba, kuna kitu ulikiona kabla sisi hatujakiona? Nasoma yote, hata nikichelewa kujibu. Niko zamu ya usiku wiki hii.